Mita Tisini na Mbili

Futikamba yangu ni ya njano, imechakaa kwenye arobaini;
namba nne ilifutika, nikaiandika upya kwa kalamu.
Nimetumwa na ofisi ya ruzuku ya umeme
nipime nani yuko karibu na nguzo
na nani yuko mbali na bahati yake.

Masharti ni mepesi kusoma:
nyumba iwe ndani ya mita tisini,
paa liwe la bati,
mwenyewe awe na kitambulisho cha taifa,
kaya isiwe imewahi kupata.
Nimeyakariri kama mtoto anavyokariri jedwali la saba,
bila kuuliza saba ya nini.

Kwa Obitre nilifika asubuhi, kando ya barabara itokayo Arua.
Nyumba nne za kupangisha, mabati yanang'aa,
jenereta linanguruma nyuma ya choo.
"Hizi ni kaya nne," aliniambia, akinimiminia chai,
na karatasi, kusema kweli, ilikubaliana naye.
Nikaandika Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo.
Chai ilikuwa na tangawizi nzuri.

Kisha kwa Drateru.
Yeye alishika ncha pale nguzoni,
mimi nikatembea, nikapita mihogo, nikalizunguka kaburi la mumewe,
nikagusa ukuta: tisini na mbili.
"Vuta!" akapaza sauti.
Nikavuta. Tisini na mbili.
Akaja akihema. "Ungelipita kaburi juu kwa juu,
marehemu asingekasirika. Alipokuwa hai
alipenda njia za mkato."
Tukapima tena. Nilivua viatu.
Tisini na moja.

Akaligeukia jiko lake, kibanda cha nyasi
kilichoinama kuelekea barabara kama kinachosikiliza.
"Basi pima mpaka pale. Pale ndipo ninapoishi.
Kwenye nyumba nalala tu."
Sabini na nane.
Lakini nyasi hazimo katika fomu.

Nyumba ina bati, iko mbali.
Jiko liko karibu, halina bati.
Na mwanamke mmoja kasimama katikati,
anapangusa masizi ya kibatari puani kwa pindo la kitenge,
ananitazama kama mtu anavyoitazama mizani
ya muuza sukari.

Sikuandika kitu.
Usiku, chumbani kwangu mjini,
chini ya balbu ambayo hakuna aliyenipimia,
nilisoma sharti la pili mara nyingi:
paa liwe la bati.
Halikusema mabati mangapi.

Alhamisi nilirudi nikiwa na neno hilo mdomoni.
Sikuhitaji kulitoa.
Juu ya nyasi palikuwa na bati moja,
limeng'olewa mlango wa banda la mbuzi, lina kutu na tundu la kufuli,
limekandamizwa kwa mawe matatu meusi.
Niliyatambua: mafiga.
Chini, majivu yalikuwa baridi.
"Leo tunakula mihogo ya jana," alisema Drateru,
"wewe andika."

Niliandika Ndiyo.
Mkono haukutetemeka;
haukutetemeka pia kwa zile nne za Obitre,
na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Maana bondeni kuna Afeku.
Nyumba yake iliungua mwaka jana, kibatari kilianguka,
kitambulisho kikaungua ndani yake.
Sasa hana paa la kuniuliza,
hana karatasi ya kusema yeye ni yeye,
na futikamba yangu inaishia mia moja.
Sanduku la Hapana linamsubiri, jeupe, safi,
limepigiwa mstari mapema kiwandani.

Jioni naikunja. Inarudi na majani ya mihogo,
na udongo kidogo wa kaburi,
na vijiji vyote vinaingia katika kibweta
kinachotosha kiganjani.

Kwa Afeku bado sijaenda.