Mwendo wa Ilvana

Hapa Tampere, katika kiwanda cha zamani cha pamba,
ghorofa ya tatu, alikofuma bibi yangu hadi vidole vikagoma,
nimevaa suti nyeusi ya kubana
yenye vitufe hamsini na vitatu.
Kamera huona vitufe tu.
Uso wangu haziuoni, wala miaka yangu arobaini na tisa,
wala goti nililovunjia kwenye mpira wa mikono.

Mimi ni mifupa ya Ilvana.
Akiruka, nimeruka mimi.
Akianguka, ubavu uliochubuka ni wangu.
Jumatatu nimekufa mara sitini kabla ya chakula cha mchana,
nikafufuka, nikanywa kahawa.

Jioni Aarne akaniita kwenye skrini yake.
Theluji ilikuwa nzuri, sitasema uongo.
Waliitengeneza punje kwa punje,
wakaipa upepo, wakaipa kivuli cha samawati.
Na katikati ya theluji hiyo amesimama Ilvana,
chuma kifuani, chuma kidogo nyongani,
tumbo wazi kama dirisha la mwezi wa saba.
Nikauliza: baridi hii ni ya nani?
Aarne akacheka, macho kwenye kibodi.

Kisha akatembea.
Nikautafuta mwendo wangu, nisiuone.
Nilimpa hatua za mtu aliyebeba upanga siku tatu:
bega moja chini, kisigino kizito,
shingo inayosikiliza nyuma.
Wamezichukua hatua zangu, wakazipaka asali.
“Nyonga tumeongeza asilimia thelathini,” akasema,
kama mtu anayetaja chumvi ya supu.

Kikao kilikuwa Jumatano.
Jorma, mwenye fedha, akasema: kizuri chajiuza.
Nikaimalizia kimoyomoyo: kibaya chajitembeza.
Basi kibaya ni mimi,
maana humu ndani anayelipwa kutembea ni mimi.

Mwingine akasema huu ni mchezo tu.
Nikamwambia: Torvo naye yumo mchezoni.
Ana kitambi, ana mvi, pua imevunjika mara mbili,
na kaburi la manyoya limelala mabegani mwake.
Nani aliketi kupima nyonga za Torvo?
Walicheka. Hata mimi nilicheka.
Hakuna aliyeandika kitu.

Ndipo Venla, anayewaandikia maneno yao,
akafunga kompyuta yake.
“Msimfunike kwa ajili yangu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, huko Kemi,
chunusi usoni, mama akinificha ndani ya masweta ya kaka.
Nilimpata mmoja kama huyu, nusu uchi,
akichinja majoka bila kuomba radhi.
Niliutaka uzuri wake na upanga wake, vyote.
Mkimvika gunia leo
mtakuwa mmeniambia mama alikuwa sahihi.”

Chumba kikanyamaza.
Nilikuwa na jibu nilipoingia;
nililitafuta kama funguo kwenye koti la mtu mwingine.
Mwishowe nikasema:
Sigombani na uzuri wake, Venla. Nagombana na baridi.
Theluji mmeihesabu punje kwa punje,
ngozi yake mmeisahau haijui.

Jorma akatazama saa.

Alhamisi Aarne hakwenda nyumbani.
Ijumaa akanionyesha kazi yake, sikio limemwiva:
mvuke unamtoka Ilvana mdomoni,
na mikononi vinyweleo vimesimama,
kimoja kimoja.
Joho hakumpa.
Amempa baridi, basi.
Sikujua nimshukuru au nimpige kofi.
Nikamuuliza ilimchukua saa ngapi.
“Kumi na moja,” akasema.
Joho lingechukua mbili.

Na nyonga?
“Nyonga bado zinajadiliwa.”

Nikavaa suti, nikahesabiwa vitufe.
Taa zikawaka. “Tena, Pirkko, hatua kumi na mbili,
safari hii laini kidogo.”
Bega moja chini. Kisigino kizito.
Nikampa zilezile.