Subiri Avae

Nilimtaka vilevile alivyo:
saruni iliyochujuka, pumba za mpunga kwenye nyusi,
mvuke wa sufuria ukimlamba kidevu,
na juu ya kijiti chake utando wa uji wa mchele
mwembamba hata jua likaupita bila hodi.

Nyuma yake, chanja kwa chanja,
karatasi za alfajiri zilikauka, nje kidogo ya Battambang.
Nilishapanga kila kitu: mwanga wa saa moja,
moshi upande wa kushoto.
Nikainua kamera.

Ming Sarœun akainua kiganja
kama mtu anayekinga kofi.

Hapo ndipo nilipolisikia neno letu,
mimi niliyelitamka maisha yote:
kwetu picha hupigwa.
Kama ngoma, sawa. Lakini pia kama mwizi.

"Anasema subiri avae," alisema mjukuu wake, Rachana,
akanikabidhi upawa, akamfuata bibi ndani.
Moto haungoji mtu. Nikamwaga, nikafunika, nikafunua:
ya kwanza ikachanika,
ya pili ikawa ramani ya nchi isiyokuwapo,
ya tatu tuiache kwanza.

Akatoka na blauzi nyeupe ya lesi,
nywele mbichi kwa maji, rangi ya mdomo imevuka mpaka kidogo.
Akaamuru shuka itundikwe, sufuria isionekane,
ileile sufuria iliyonikalisha ndani ya basi usiku kucha.
Akaketi kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini.
Hakutabasamu. Nikahesabu hadi tatu kwa Kikhmeri kibovu.
Moja tu.

Akaivuta sura yake kwenye kioo kwa vidole viwili,
akajitazama kama anayesoma mkataba,
kisha akasema jambo. Rachana akacheka, akaacha kucheka.
"Anasema hii itamfaa msibani. Uisafishe kubwa."

Ikishapigwa, husafishwa:
lugha yangu nayo ina adabu, ila huchelewa.

Kesho yake niliileta, imefungwa gazeti.
Aliisukuma nyuma ya kabati bila kuifungua.
Haina haraka, alisema.

Ya kwangu ninayo. Rachana aliifyatua kwa simu, dirishani:
upawa juu, mdomo wazi, jivu hadi sikioni,
karatasi ya tatu imeniganda kiwikoni.

Mimi hakuna aliyeniambia nikavae.