Kama Ile

Mfuko ninao bado. Nimeukunja mara nne
nikauweka chini ya godoro pamoja na vyeti vya watoto.
Ni wa njano, una picha ya mkorosho
uliozaa mpaka matawi yanagusa chini.
Mkorosho huo sijauona Kitangari,
wala Newala nzima,
lakini nilimlipa Ausi Nambunga bei yake.

Ilikuwa mwezi wa sita, ubwiriunga umeanza
kuyapaka maua majivu.
Nikamuuliza: "Hii ndiyo salfa ya mwaka jana?"
Akaufuta mfuko vumbi kwa kiganja,
taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.
"Hii ni kama ile, mama Chande."

Kama ile.
Mimi nikasikia: ile ile.

Sisemi kwamba alidanganya.
Neno la uongo kinywani mwake nimelitafuta
usiku kucha, kama sindano kwenye pumba.
Alisema kama. Akauweka mfuko kwenye mizani,
na mizani haikupunja hata gramu:
kilo ishirini na tano
za kitu.

Niliuza mbuzi wawili.
Chande akabeba mashine mgongoni alfajiri,
umande ungali kwenye majani,
tukapuliza miti arobaini na mitatu.
Salfa naijua. Huchoma macho, hukaa kooni,
hunuka njiti elfu za kiberiti.
Hii ilikuwa pole.
Nikasema, wenye viwanda wamestaarabika,
mwaka huu hatulii.

Mbuzi aliyebaki akaingia ghalani,
akalamba mfuko mpaka kwenye pindo.
Tulikesha tukingoja afe.
Asubuhi alikuwa anadai zaidi.

Hapo ndipo nilipochota kiganjani, nikatia maji.
Rangi ikaondoka na maji,
kikabaki cheupe chenye harufu ya jiko langu mwenyewe:
unga wa makopa.
Nilikuwa nimeilisha mikorosho ugali.

Mwezi wa kumi wenzangu walipeleka magunia
chama cha msingi. Mimi nilipeleka ndoo,
na haikujaa.

Mbele ya ofisa, Ausi hakutetemeka.
"Someni pindo," alisema.
Kweli, chini ya mshono, herufi kama mayai ya chawa:
Si dawa. Picha ni pambo tu.
"Mwenye macho alisoma."

Ofisa alikuwa binti, ametoka Mtwara mjini,
viatu vyekundu kwa vumbi letu.
Hakuuliza nani alisema nini.
Alitandaza mezani mfuko wa mwaka jana
na mfuko wa mwaka huu,
akatoka nje, akarudi na muuza vitumbua.
"Mama, mifuko hii ni ya aina ngapi?"
Yule mama akatazama, akashika, akacheka.
"Si aina moja hii?"

Ausi akaruka: "Huyo hata kusoma hajui!"
Binti hakuinua kichwa kwenye daftari lake.
"Ndiyo maana nimemwita yeye."

Kesi haijaisha. Wamesema nirudi mwezi ujao,
na nauli ni yangu.
Ausi ananisalimia njiani, namwitikia.
Duka lake limejaa. Ameagiza mbegu za ufuta
ambazo, nasikia, ni kama zile za Nachingwea.

Mjukuu wangu Lipande, darasa la nne,
ndiye mkaguzi wa nyumba hii sasa.
Kila kinachoingia anakigeuza tumbo juu,
sabuni, betri, majani ya chai,
anamulika pindo kwa tochi na kusoma kwa kidole.
Jana alikwama kwenye chumvi:
uzito takriban nusu kilo.
"Bibi, takriban ni ngapi?"

Nikaacha kupepeta.
"Ni ndugu yake kama," nikamwambia.
"Kalete kile kikombe, tupime."