Viazi Juu ya Macho

Saa tano za usiku, Villafranca. Korongo wamelala
juu ya mnara wa kanisa, na humu ndani
tunakesha na chombo kisichojua usingizi:
kioo cha upana wa sinia, mbali juu ya Atlantiki,
kilichobakiwa na magurudumu mawili ya usawa kati ya sita.

Wiebe kaja kutoka Leiden na mkoba wa jibini
na ramani ya uzi mmoja tu
wa vazi la nyota iliyokufa, kule kwa Batamaji.
"Hapa," asema, akigusisha ncha ya kalamu.
"Tukodoe hapa hapa mpaka saa kumi."

Nyota ililipuka kabla mtu hajajua kuandika.
Masalio yake bado yanakimbia, yanagonga gesi baridi,
na gesi ikigongwa hulia kwa rangi
ambayo hewa yetu haituruhusu kuiona.
Urujuanimno. Hata neno lenyewe
linapita mdomoni kama linatoroka.

Baba, Amaro, alikuwa mchomeleaji wa meli, Ferrol.
Jioni moja alirudi akishikwa mkono na mwenzake,
macho kama yametiwa mchanga wa moto.
Kinyago kilikuwa na ufa; msimamizi alisema kazi haingoji.
Mama hakusema kitu. Alikata viazi vibichi, vyembamba,
akavibandika juu ya kope, akaweka kiganja juu yake,
akakaa hivyo mpaka jogoo wa jirani.
Nilikuwa na miaka sita. Nikauliza: ameona nini?
"Mwanga," akasema, "usio wetu."

Ndio huu, basi.
Ndio huu ninaolipwa mshahara kuutafuta.
Hewa imetufunika uso usiku na mchana
kama kiganja cha Mama,
nasi tumetuma kioo kikachungulie kati ya vidole.

Saa kumi. Picha inashuka mstari kwa mstari,
kijivu, imejaa madoa. Wiebe anasugua miwani.
Halafu, kwenye elfu moja mia tano arobaini na tisa,
alama nyeupe kama kovu: kaboni
iliyoporwa elektroni tatu, nyuzi laki moja za joto.
Wiebe anapiga meza. Kahawa inamwagikia daftari langu.

Kaboni. Kama ya kiazi, nawaza.
Simwambii. Ana furaha, mwache.

Wenzetu wa Maryland wanaingia kwenye laini,
nawakabidhi chombo, natoka.
Jua limeshanikuta kwenye maegesho.
Duka la Eulogia ndio linafunguliwa.
Nanunua viazi, kilo mbili.
Nyumbani hakuna anayeumwa macho.