Soksi Gani Leo

Vipimo vyote vimerudi safi.
Damu safi, choo safi, na kamera ndogo
iliyoshuka kooni mwake kama mpangaji anayekagua chumba
imepanda tena na kusema: humu hamna kitu.
Daktari Pritchard akatabasamu, akidhani ametupa zawadi.
Ndani ya basi, Swansea ikilowa kama ilivyozoea,
Tausi akaniuliza:
Baba, kama hamna kitu, kinachouma ni nini?

Miaka tisa. Siku arobaini na moja bila shule.
Mama yangu kwenye simu, kutoka Pangani:
hilo ni chango, hao hawalijui, mchemshie mwarobaini.
Nikasema mwarobaini hauoti huku.
Akasema, ndiyo maana anaumwa.

Mwalimu naye, kwa upole, labda anajifanya.
Mimi nilimkuta saa kumi usiku
amelaza paji la uso kwenye ukingo wa bafu, baridi,
taa imezimwa, mlango umerudishwa.
Nani hujifanya gizani, bila mtazamaji?

Kisha tukapelekwa kwa Bi Eluned.
Zulia la kijani, samaki mmoja mvivu, kiti kidogo na kiti kikubwa.
Hakuligusa tumbo.
Maumivu yako ni ya kweli, alisema, kabla ya jina, kabla ya yote,
na mwanangu, ambaye sindano zote zile hazikumliza,
akalia mpaka samaki akajificha.

Nikamweleza kwamba kwetu mtu akiwa na hofu
husemwa ana tumbo joto.
Kalamu yake ikasimama. Niseme tena.
Tumbo joto.
Akaliandika, akakosea, akafuta.
Maisha yangu yote nimelibeba neno hilo mdomoni
kama ufunguo wa nyumba ambayo sikujua ninayo.

Lakini Tausi ndiye aliyetufumbulia.
Kengele yetu ya moshi, alimwambia,
hulia Baba akipika chapati.
Hakuna moto. Inalia tu. Mimi napanda kiti
naipepea na taulo la vyombo.
Sasa je, ni mwongo ile kengele? akauliza Bi Eluned.
Akafikiri, miguu ikining'inia.
Hapana. Inaogopa chapati.

Akapewa kazi: alale chali,
mfuko wa mchele wa nusu kilo juu ya kitovu,
aupandishe kwa pumzi, aushushe,
polepole, kama anabembeleza mtoto wa mtu mwingine.
Akapewa ngazi pia: Jumatatu afike getini, arudi.
Wiki ijayo somo moja. Kisha hadi chakula cha mchana.
Alipanda, akateleza, tukapoteza Februari karibu nzima.

Kazi yangu mimi ilikuwa fupi.
Nisiulize.
Kila asubuhi miezi saba nilimwamsha kwa swali lile lile,
tumbo vipi? tumbo vipi?
Nikidhani napima homa, kumbe nakoka kuni.
Hakuna aliyenilaumu. Alisema tu, jaribu kuuliza kingine.
Unajua ulimi ulivyo mzito
ukikatazwa njia moja uliyoizoea?

Leo Alhamisi. Amesimama mlangoni pa jiko,
mkono pale pale, chini ya mbavu,
macho kwangu, yakisubiri.
Swali limefika kwenye meno. Nimelitafuna. Nikasema:
Soksi gani leo? Za bata au za mistari?

Kimya kirefu kama foleni ya hospitali.

Za bata.

Nikamwona akiingia getini, hakugeuka,
nami nikabaki kituoni, basi la kwanza likapita, la pili likapita,
kiganja juu ya tumbo langu mwenyewe,
nikipandisha mchele nisioubeba.

Saa tisa na nusu ametoka, fulana ina rangi ya bluu.
Sikuuliza. Naapa sikuuliza.
Akasema mwenyewe, akitafuna biskuti:
Lilikuja, wakati wa hesabu.
Nikalikalisha dirishani.