Mlango wa Kutokea

Kaunas, Novemba, saa tisa na robo usiku.
Grafu iliyolala kama paka tangu Jumapili
ikasimama wima.

Barua elfu arobaini na moja zilikuwa zimetoka kwetu
kabla maji ya chai hayajachemka:
vidonge vya kunyoosha magoti, urithi wa mjane asiyekuwapo,
na chini ya kila moja, jina la Daktari Skirmantas,
mng'oa meno, mtu ambaye hajawahi kuandika zaidi ya
"Njoo kesho. Usile kitu."

Nikafunga akaunti.
Nikadhani nimefunga na shauri.

Kulipokucha, deni likabisha hodi.
Wateja wetu elfu mbili na mia tatu
wanatoka kwa anwani moja, tarakimu na nukta tatu,
kisima kimoja,
na mahali fulani mtu nisiyemjua, au mashine isiyolala,
ilikuwa imekwisha kuiandika kwenye orodha nyeusi
bila kuuliza nani aliyekojoa kisimani.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema waliosema.
Huyu wetu amechuma, akatuandalia sinia,
akaenda zake bila hata kunawa.

Simu. Simu. Tena simu.
Aldona, fundi wa piano: bili zake zote zimerudi,
"zimefukuzwa mlangoni kama walevi."
Wakili Ramūnas: muda wa rufaa unaisha saa kumi.
Akaichapa kwenye karatasi, akatoka nayo mbio kwenye theluji,
na sikusikia kama aliwahi.
Mkulima wa vitunguu saumu hakupiga kelele,
alihamia tu kampuni kubwa,
ile isiyo na namba ya kupigiwa.

Nikajaza fomu: tumeona kosa, tumelirekebisha, tafadhali.
Nikajaza nyingine, maneno yale yale,
nikaongeza tafadhali ya pili.
Mmoja akajibu: saa arobaini na nane.
Mwingine hajajibu hadi leo.

Vaidotas, mwenye kampuni, akavuta kiti.
Nilingoja anigombeze.
"Mlango wa kuingilia," akasema,
"tuliuwekea walinzi watatu, tukapekua wageni hadi soksi.
Wa kutokea tuliuachia pazia."

Tuliogopa uchafu unaokuja.
Hatukuwaza kwamba unaweza kuvaa koti letu
na kuaga kwa heshima.

Adhuhuri daktari mwenyewe akapiga.
"Sikutuma chochote. Mbona mnaniadhibu?"
Nikamwuliza nywila yake ilikuwa nini.
Kimya.
Kisha akataja jina la mbwa na mwaka aliokufa,
taratibu, kama asomaye jiwe la kaburi,
nami nikakosa la kumkaripia.

Ijumaa foleni ikaanza kulegea.
Tone. Tone. Halafu mkondo.
Nilikaa kuzitazama, moja moja, hadi ya mwisho,
ya Bi Genovaitė, kwenda kwa mpwa wake Bergen.
Ndani hairuhusiwi kuchungulia; kichwa tu ndicho nionacho:
"Nafika Jumatano saa tano, uje unipokee."

Alama ikageuka kijani.
Imefika.