Hitilafu ya Kiufundi

Mimi ni fundi. Nimefungua migongo ya televisheni
tangu zilipokuwa na migongo.
Siku hizi zinaletwa nyembamba kama sinia,
kioo kimepasuka, mtoto karusha rimoti,
nawaambia wenyewe: hii haitengenezeki.
Hawaniamini. Wananiachia.
Ndiyo maana saa mbili usiku, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
taarifa ya habari naitazama mara tano kwa pamoja:
moja ya kijani,
moja ina mistari,
moja sauti tu,
moja inamkata msomaji kichwa,
na moja nzima, ya mteja aliyefariki.

Sina ugomvi na Rukia Shemhilu, anayesoma.
Mtoto wa Makorora, nilimchajia simu kwa shilingi mia mbili
akiwa bado na sare ya shule.
Hajiumiumi. Akisema Mabokweni, ni Mabokweni,
si kama wale wa makao makuu
wanaotutamka kana kwamba wamekwamwa na mwiba wa ng'onda.

Ugomvi wangu ni na mkasi.
Kila usiku mkasi,
umelazwa juu ya kitambaa, binti kapiga magoti na sahani.
Choo cha shule kimekatiwa utepe.
Kisima kimekatiwa utepe,
kisima kilekile, mwaka juzi kilikatiwa na mwingine.
Kamera inapita viti vya mbele: suti, suti, kilemba, suti,
inageuka kabla haijafika kwenye jua.
Kisha, "mgeni rasmi amewataka wananchi."
Kila usiku tunatakwa!
Tunatakwa kama mwari wa posa nyingi
na mahari hatujaiona.

Mwezi wa tano maji ya mvua yaliingia mtaani hadi kitandani.
Wakaja, kijana wa kamera na mwenzake wa kipaza sauti.
Nikasema dakika arobaini.
Nikasema nani aliujengea ukuta mfereji, na mwaka gani,
barua tatu tulizopeleka, mihuri ya mapokezi ninayo,
godoro la Bi Mwanakombo, lililoanikwa siku nane na halikukauka.
Usiku nikajiona. Sekunde tisa.
Mdomo wangu ukichezacheza, na juu yake sauti ya Rukia:
wakazi wameishukuru serikali kwa kufika haraka.
Chini ya kidevu, kwa herufi nyeupe: MKAZI.
Mbwana Mdoe, miaka thelathini na moja mtaa huu,
mkazi.
Mke wangu akasema, angalau shati lilipendeza.

Lakini Ijumaa ile ya koki, kule Duga.
Matangazo ya moja kwa moja. Utepe ukakatwa, makofi, magari yakaondoka,
na mtu akasahau kuzima.
Picha ikaendelea.
Viti vinabebwa vinne vinne.
Mzee mmoja anakusanya chupa za maji zilizobaki nusu.
Watoto wa ngonjera wanaambiwa gari lao limeshakwenda.
Mama wa kanga ya njano akaufungua utepe kwenye nguzo,
akaukunja, akauchomeka kiunoni,
akatega ndoo.
Akafungua koki.
Akafungua zaidi.
Akainama, akaweka sikio kwenye bomba
kama anayesikiliza kifua cha mtoto.

Barazani kwangu walikuwapo wanywa kahawa saba.
Hakuna aliyeshusha kikombe.
Hata ile isiyo na picha ilinyamaza
kwa namna nyingine.

Likaingia tangazo la magodoro.
Kisha Rukia, macho mezani:
tunaomba radhi kwa hitilafu ya kiufundi.

Mimi ni fundi. Hitilafu nazijua kwa harufu.

Jana alikuja kuchukua pasi ya mama yake.
Nikamuuliza, yule kijana aliyesahau kuzima, yuko wapi?
Akatazama mlangoni kwanza.
"Amehamishiwa stoo," akasema, "anahesabu nyaya."
Kisha, kwa sauti ya chini, si ile ya saa mbili:
"Hakusahau."
Akalipa. Chenji hakungoja.